Tupeane uzoefu: mtoto wako basi la skuli lampitia saa ngapi?

MamaWawili_Kiembeni
Wazazi wa Mombasa hebu tuongeeni kidogo. Zile kanuni za elimu ya msingi za 2015 zasema skuli za kutwa masomo yaanze saa mbili asubuhi yaishe saa tisa u nusu. Sawa. Sasa mbona wangu wa gredi ya pili basi lampitia saa kumi na moja na robo, watu ndio wanatoka msikitini, giza totoro, na skuli yenyewe iko Nyali si Voi!! Yuasimama stejini hamri mkononi hajaiuma hata mara moja, macho yamefumba, mimi nimechutama namvisha soksi kwa tochi ya simu. Nasikia kule California sheria ilianza kufanya kazi Julai 2022, sekondari ya juu haifungui darasa kabla ya saa mbili u nusu. Mbona sisi tusidai? Lakini kabla sijaenda kupiga kelele kwa hedimasta nataka kujua kwenu kukoje.

Dereva_Njano
Mama mimi ndio hao hao munaotulaumu, naendesha basi la skuli, ya nani sisemi. Shida si kengele, shida ni tripu. Basi moja mitaa miwili. Tripu ya kwanza nakusanya Kiembeni na Bamburi, nawashusha, nageuza naingia Kisauni na Mshomoroni. Wa tripu ya pili wanakuja wameoga wamekunywa chai wanapiga kelele, wa tripu ya kwanza nawakuta palepale nilipowaacha, vichwa juu ya madeski, taa zawaka, mwalimu hata hajafika. Sasa mukisema tuanze saa tatu, hiyo tripu ya kwanza itakua saa kumi na mbili na kitu, na saa hiyo barabara ya Malindi mwaijua wenyewe, malori, matatu, tuktuk, watu wa kazini wote wanaelekea darajani. Njia ya nusu saa inakula saa nzima na zaidi, tripu ya pili itafika saa ngapi? Dawa ni basi la pili, na basi la pili ni dereva mwengine, anti mwengine wa kuangalia watoto, bima, dizeli, na siku mutakapoletewa barua ya kuongeza pesa za basi nawajua, mutanitafuta mimi.

BabaLikoni
Nyinyi mwalia na jam sisi twalia na feri. Kijana wangu yuko sekondari kisiwani, basi la skuli halivuki kabisa, laanza kuchukua watoto ng'ambo ya pili. Kuvuka na miguu ni bure hilo nashukuru, lakini ikisimama feri moja tu wale watu wanavyojazana pale kibandani, mtoto na begi lake kifuani, basi ameshalikosa na hapo inabidi boda. Usiniambie tuzunguke na barabara ya Dongo Kundu. Ushuke mpaka Kibundani utokee Miritini halafu ndio uanze kurudi Changamwe, Makupa, uingie kisiwani? Dizeli analipa nani. Mimi kengele ikisogezwa mbele hata kwa nusu saa nachinja kuku.

Mwl_Tudor
Nafundisha sekondari acha niseme kitu. Vijana wa kuanzia miaka 13 hivi mwili wao unachelewesha homoni ya usingizi, kwa hiyo ukimwambia alale saa tatu usiku anageukageuka tu kitandani, si ukaidi wala si simu peke yake (simu nayo imo, tusidanganyane). Madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, walipendekeza tangu 2014 vijana wasianze masomo kabla ya saa mbili u nusu. Mji wa Seattle huko huko walisogeza kengele 2016, kutoka karibu saa mbili kasorobo mpaka tatu kasorobo, wakapima wakakuta wanafunzi wamelala dakika 34 zaidi. Zaidi, si kwamba walikesha wakafuta faida. Lakini anachosema dereva ndicho kilichowakwamisha huko pia, kwa sababu basi lao nalo linapiga tripu mbili tatu, sekondari kwanza kisha wadogo, ukimsogeza mmoja umemuamsha mwengine. Boston mwaka 2017 waliwaita wataalamu wa chuo kikuu cha MIT, kompyuta ikapanga ratiba na mabasi yote, wazazi wakaja juu, ikatupwa. Florida walipitisha sheria kama ya California 2023, 2025 wakailegeza kabla hata haijaanza. Kipindi changu cha kwanza mimi siku hizi sifundishi kitu kigumu, nawapa mazoezi ya jana, niseme nini.

Ustadha_Majengo
Na sisi wa chuoni, wa madrasa, mumetufikiria? Watoto wangu waja baada ya laasiri, wengine wametoka kwenye basi moja kwa moja na yunifomu ya skuli. Mukisogeza asubuhi mumesogeza na jioni, chuo nifunge? Tayari nna mmoja akifungua juzuu tu kichwa kinashuka taratibu mpaka kinagusa ukurasa, simuamshi tena, nawaambia wenzake wasome pole pole.

Shaka_Zulu_wa_Mikindani
Hamieni karibu na skuli, matatizo kwisha

MamaWawili_Kiembeni
@Shaka kodi ya Nyali utanilipia wewe?

Bi_Mtopanga
Sisi mwaka jana tulichoka na basi tukaungana wazazi wa ploti moja tukatafuta tuktuk. Mtoto analala mpaka saa kumi na mbili, raha. Mpaka siku nilipotoka nje nikahesabu vichwa, nane, na mmoja amekaa mbele na dereva nusu mguu uko nje. Nilimshusha wangu hapo hapo, tumerudi kwenye basi. Usingizi wataka lakini si hivyo.

AntiWaBasi
Mimi ni anti wa basi, skuli tofauti na ya huyo dereva. Kwetu wazazi walishikilia kwenye mkutano, tripu ikawa yazungushwa. Muhula huu mtaa huu waanza, muhula ujao wanaanza wale wengine. Haikuongezwa hata shilingi. Watoto bado wanalala kwenye basi, wengine nawabeba kuwashusha, lakini si walewale mwaka mzima. Wale wa tripu ya kwanza tukawaombea na chumba kimoja wawekewe mikeka wajinyooshe mpaka mwalimu aje. Muulize hedi hilo kabla ya hayo ya California.

MamaWawili_Kiembeni
Hili la kuzungusha nalipeleka kesho asubuhi wallahi. Asante anti.

Mama_Mshomoroni
Ngoja ngoja. Skuli yenu ni ile ya basi la Kiembeni na Kisauni? Kwa sababu wangu yuko hiyo tripu ya pili na nililipia nikijua saa yake, sasa aamke saa kumi u nusu kwa ajili ya nani? Mimi hapana.

Dereva_Njano
Haya. Mimi naenda kulala, kesho naanza na Kiembeni.