Mshauri mmoja shule nzima, inatosha kweli?

Jamani, sekondari ya serikali anaposoma mwanangu ina mwalimu mmoja tu wa ushauri nasaha na huyo huyo anafundisha hesabu, sasa mtoto akiwa na shida atamwona saa ngapi?

Jibu 1: Haitoshi hata kidogo. Marekani chama cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri 1 kwa wanafunzi 250, na asilimia 80 ya muda wake awahudumie wanafunzi, sio makaratasi.

Jibu 2: Mimi ni ticha, ukiomba walimu waongezwe unaambiwa uwiano wa walimu kwa wanafunzi uko poa, kumbe wamehesabu hadi mkuu wa shule na aliye likizo ya uzazi 😅 We ulizia nani ana muda wa ushauri kwenye ratiba.

Muulizaji: Asante ticha, kikao cha wazazi naenda na hilo.