Kufukua mifupa ya wazee kwa Wabatak: ni heshima au ni ibada?

MLETA MADA

Wapo wanaosema kwamba Mkristo wa Kibatak anayefukua mifupa ya babu yake na kuihamishia katika kaburi la ukoo amerudia matambiko aliyoyaacha, na wapo wanaojibu kwamba anatimiza tu amri ya kuwaheshimu baba na mama. Naona pande zote mbili zinahukumu haraka mno.

Wenyewe ni Wabatak Toba wa Sumatra Kaskazini, Indonesia, waishio kando ya Ziwa Toba na katika kisiwa cha Samosir, na desturi hiyo huiita mangongkal holi. Kaburi hufunguliwa, mifupa huoshwa, hupakwa maji ya manjano na kufungwa kwa ulos, nguo yao ya kufumwa, kisha hulazwa ndani ya tugu, yaani mnara wa zege wa ukoo mzima. Ngoma za gondang hupigwa, nyati huchinjwa, na nyama hugawanywa kwa utaratibu uitwao jambar: ukoo uliotoa mke, hula-hula, hupewa fungu la heshima, ilhali boru, yaani waliooa kwenye ukoo huo, ndio wahangaikao na kazi za jikoni. (Aliyewahi kushuhudia ugomvi wa mafungu ya nyama katika shughuli ya ukoo hahitaji maelezo zaidi.)

Zamani maana yake haikufichika. Aliyekufa alikuwa begu, yaani mzimu, na wazao wakimfanyia karamu kubwa alipanda daraja akawa sumangot, mzimu wa kuheshimiwa, naye akawajalia uzazi na mali. Kwa hiyo Ludwig Nommensen, mmisionari Mjerumani aliyefika Sumatra mwaka 1862, na wenzake hawakukosea walipoiona kuwa ibada. Lakini minara mingi ionekanayo leo imejengwa na Wakristo tangu miaka ya 1950 na 1960, mara nyingi kwa fedha za watoto waliohamia Medan na Jakarta, na mingine ina msalaba juu yake. Kwa maoni yangu, kinachotafutwa pale sasa si baraka ya marehemu, bali ni jina la walio hai. Hata Walutheri wa Tanzania jambo hili linawagusa, kwa kuwa HKBP, kanisa kubwa la Wabatak, na baadhi ya dayosisi za KKKT wamo katika ushirika mmoja wenye makao Wuppertal, Ujerumani, uliotokana na misheni ile ile iliyomtuma Nommensen.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Sikubaliani nawe. HKBP, inayohesabu mwanzo wake tangu 1861, huruhusu mifupa ihamishwe kwa sala, lakini hukataza kuiomba chochote. Je, anayelipakata fuvu la mama yake akanong'ona neno, nani atajua kama ameaga au ameomba? Mlango wa namna hiyo ni heri ufungwe.

MCHANGIAJI WA PILI

Mnabishana juu ya mifupa, mimi naulizia wasio na wa kuwafukua. Kwa Wabatak, kifo kinachosifiwa ni cha saur matua, mtu aliyeacha watoto wote wameoa na kuolewa, na wajukuu wapo. Aliyekufa bila mzao alichezewa sigale-gale, mwanasesere wa mbao wa kimo cha mtu, ashike nafasi ya mtoto ambaye hakuzaliwa. Ikiwa hii ni heshima kwa wazazi, na si heshima kwa uzazi, kwa nini tasa hapati tugu yake?

MLETA MADA

Kwa mchangiaji wa pili sina jibu, na nakiri hoja yake imenitikisa kuliko ile ya ibada. Nami ningependa mchungaji anayeombwa kuja kusali kaburini aulize kwanza ni nani atakayelipia nyati, na kama ndugu maskini wa ukoo amelazimika kukopa ili asiaibike mbele ya hula-hula wake. Ama mchangiaji wa kwanza, kama kosa ni kunong'ona, mbona hatuwakatazi wale wanaoweka maua juu ya kaburi huku wakizungumza na aliyelala ndani?