Mjadala: Injini za mashindano zibanwe hewa, mafuta au betri?

FUNDI NDEEBA
Tangu msimu wa 2025 magari ya Rally1, daraja la juu la ubingwa wa dunia wa rally (WRC), yamevuliwa mfumo wa mseto wa mafuta na umeme. Mota ya kilowati 100 na betri yake ya kilowati-saa 3.9 zimetolewa, uzito wa chini umeshuka kutoka kilo 1,260 hadi 1,180, na restrikta ya turbo, lile koo jembamba linalobana hewa inayoingia, imetoka milimita 36 hadi 35. Formula 1 nayo, mwaka 2026, imegeukia upande wa pili kabisa: umeme umepandishwa kutoka kilowati 120 hadi 350 na injini ya mafuta ikashushwa hadi karibu 400. Shirikisho la magari duniani ni lilelile, FIA.

Mimi nasema WRC walitoa kitu sahihi, wakabaki na kipimo kibaya. Kubana hewa kunatuumiza sisi wa nyanda za juu. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 87 ya lile la Mombasa. Naivasha ya Safari Rally kule Kenya, mita 1,900 hivi, ni 80. Hewa ikishafika kasi ya sauti kwenye koo la restrikta, turbo hata izunguke vipi haivuti zaidi. Milimita ile moja inayopigiwa kelele imekata hewa asilimia 5 na nusu. Mwinuko wa Naivasha peke yake umekata 20.

MKAGUZI JINJA
Ssebo, hesabu zako sawa, hukumu siyo. Wanaoanza Naivasha wote wanavuta hewa ileile. Nani ameonewa?

Halafu restrikta ina sifa moja usiyoitaja: inakagulika porini. Unafungua bomba la kuingizia hewa, unapitisha geji kooni. Kipenyo cha koo lazima kidumu kwa urefu wa angalau milimita 3, na koo lisizidi milimita 50 kutoka mapanga ya kompresa, ule upande wa turbo unaosukuma hewa. Kisha injini ikiwa inanguruma unaziba restrikta. Ikizima, gari ni safi. Ikiendelea hata kwa kukohoa, kuna tundu linaiba hewa. Unamaliza kwa waya na sili ya risasi. Hakuna kompyuta, hakuna mtaalamu wa kutoka Ulaya.

Mafuta je? Kwenye F1 ya Melbourne 2014 dereva Daniel Ricciardo alimaliza wa pili, akaondolewa kwenye matokeo kwa kupitisha kiwango cha mafuta cha kilo 100 kwa saa. Timu iliamini hesabu zake, FIA iliamini sensa yake. Wenye maabara wakigombana hivyo, sisi tutasimama wapi?

BINTI MBARARA
Mkaguzi, kwenye ukaguzi umeshinda, ila usiufiche upande wa uhandisi. Mwaka 2026 F1 haipimi tena kilo. Inapima nishati, megajuli 3,000 kwa saa, kwa sababu mafuta yasiyotokana na petroli ya ardhini hutofautiana nguvu kilo kwa kilo. Megajuli hizo ni sawa na kilowati 833 zinazoingia. Injini ikitoa 400, imetumia vizuri asilimia 48 ya ilichopewa. Restrikta haikusukumi ufike huko. Inakwambia tu usivute sana, ukichoma mafuta ovyo ili kupoza pistoni ni juu yako.

Kwenye umeme ndipo ninapoiona F1 imejikoroga. Betri inaruhusiwa kucheza ndani ya megajuli 4. Gawanya kwa kilowati 350: sekunde 11 na kidogo, imekwisha. Kinachobaki ni dereva kuachia mafuta mapema kabla ya kona ili ajaze tena. MGU-H, ile mota iliyokuwa ikizungusha turbo, nayo wameiondoa, kwa hiyo kuchelewa kwa turbo kumerudi. Wanaolilia kelele za V10, injini za zamani za silinda kumi, nawaacha na masikio yao.

KISEKKA SPEA
Nyote mnaongea kama turbo ni ya bure. Ukibana mafuta badala ya hewa, nguvu ya Kampala inakaribia ya pwani, kweli. Lakini ili kupata hewa ileile kutoka kwenye anga nyepesi, kompresa inazunguka kasi zaidi, hewa inatoka moto zaidi, na intakula, kipoza hewa ya turbo, inapozwa na upepo uliopungua uzito. F1 wanayapata hayo Mexico City, mita 2,240. Kinachotangulia kufa ni beringi, halafu sili ya mafuta, na moshi wa buluu ndio taarifa yako.

Vumbi letu linaongeza lake. Mpira kati ya filta na turbo ukipasuka hata kidogo, unanyonya vumbi moja kwa moja. Kagua ncha za mapanga kwa tochi: zikiwa zimelika na kung'aa, usibadilishe turbo kabla hujaupata mpasuko, utaharibu ya pili pia.

FUNDI NDEEBA
Kisekka, nakubali. Basi nawapa njia ya kati. Rally2, daraja lililo chini ya Rally1, ina restrikta ya milimita 32. Kurudisha asilimia 13 ya hewa tuliyopoteza Kampala, koo liwe 34.3. Ukaguzi unabaki uleule wa geji. Na Mkaguzi, uliuliza nani ameonewa: gia za Rally2 zimesajiliwa, huwezi kuchonga zako. Gari lililopangiwa hewa ya pwani huku linashindwa kuvuta gia ya juu kwenye mpando.

MKAGUZI JINJA
Na turbo itazunguka kasi ileile aliyoieleza Kisekka, kwa sababu lazima isukume shinikizo lilelile kutoka hewa nyepesi. Tena Pearl of Africa Rally ni raundi ya ubingwa wa Afrika, chini ya FIA. Gari la 34.3 halipiti ukaguzi.

FUNDI NDEEBA
Kwa raundi za kitaifa tu, basi.

BINTI MBARARA
Na mwenye gari moja afungue turbo kati ya raundi mbili, abadili restrikta, apange upya ramani ya kompyuta ya injini, halafu aweke sili mpya? Mwaka 2027 WRC inaleta magari ya nguvu kama za farasi 300, bei ikomee euro 345,000. Hiyo ndiyo sheria ya injini itakayogusa mifuko ya huku, na bado ni ya restrikta.

KISEKKA SPEA
Kwa euro hizo nanunua Rally3 mbili mpya, daraja la chini zaidi, na spea zake.

MKAGUZI JINJA
Rally3 nayo ina restrikta yake, kabla Fundi hajaanza.