Lamineti kwenye miimo ya milango na ngazi: tukate mwimo au tukate ubao?

Mkaazi_Mbweni:
Assalaam alaykum jamani. Nshanunua lamineti, zile mbao nyembamba za sakafu za kuunganisha, ya milimita 8 na foamu ya kutandika chini yake ya milimita 2, nataka kuweka vyumba vitatu vya juu pamoja na ngazi ya zege, ina vidato 14. Tatizo nimeita mafundi wawili na kila mtu ana lake. Wa kwanza kasema atakata ubao ufuate umbo la mwimo wa mlango kisha pengo alizibe kwa silikoni. Wa pili anataka kuukata mwimo wenyewe kwa chini ili ubao uingie ndani. Mie naogopa, miimo yangu ni mninga na nlitoa pesa nzuri, msumeno ukiteleza basi. Kwenye ngazi wamepishana tena, huyu anatandika foamu mpaka kwenye vidato, yule hataki hata kuisikia. Mlioweka kwenu, kipi kimekaa?

Seremala_Fuoni:
Waalaykum salaam. Yakhe kata mwimo wala usiogope. Chukua kipande cha lamineti kigeuze uso chini, kilaze juu ya kipande cha foamu pale pale kwenye mwimo, halafu lalisha msumeno wa mkono bapa juu yake ukate taratibu, kipimo kinajitoa wenyewe huhitaji tepu. Kona ya ukutani ambako msumeno haufiki malizia kwa patasi. Grainda usimruhusu mtu, inaunguza mbao na mkato unatoka umepinda. Kisha ubao uingie chini ya mwimo lakini usiguse ukuta, acha milimita 8 mpaka 10, mana moyo wa lamineti ni unga wa mbao ulioshindiliwa, na sisi tunaishi kisiwani, ikifika masika unanywa unyevu wa hewani unatanuka, ukiwa umeubana pembeni unanyanyuka katikati ya chumba kama mgongo. Pengo hilo mwimo unalifunika, hulioni maisha. Na maboksi yalaze ndani ya chumba chenyewe siku mbili kabla hujaanza.

Bi_Mpendae:
Mie kwangu fundi alikata ubao akazungusha silikoni, kwa hiyo nakwambia nlichokiona kwa macho yangu mwanangu. Mwezi wa kwanza kulipendeza. Ila sakafu ile inatembea na silikoni imeganda kwenye mwimo, ikaachia, pakabaki mwanya mwembamba. Sasa nyumba zetu unazijua, mtu anatoka kutia udhu miguu inachuruzika anapita pale pale mlangoni, na dada wa kazi kazoea kupiga deki kwa ndoo. Maji yakaingia kwenye mwanya ule na kingo za mbao zikavimba, na zikishavimba hazirudi tena hata zikikauka. Milango mingine nikaja kukatiwa miimo na mpaka leo ipo salama. Deki nayo nimeipiga marufuku, ni tambara lililokamuliwa tu.

Kiponda_Juu:
Nnakubaliana nanyi kwa nyumba mpya, lakini nataka niseme neno kwa wanaosoma hapa wakiwa Mji Mkongwe. Mwimo wa nakshi haukatwi. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000 na milango ile ni sehemu ya sababu, leo huwezi kurudisha kipande ulichokisaga. Hapo kata ubao: chonga kwanza kadibodi ifuate nakshi vizuri, ihamishie kwenye ubao, kata kwa jigso, acha nafasi ya kutanuka halafu ziba kwa silikoni ya rangi ya mbao ukijua kila baada ya muda utaibadilisha. Isitoshe sakafu zetu za boriti na chokaa zina mabonde, na maboksi mengi ya lamineti yanataka tofauti isizidi milimita 3 kwenye mita 2, kwa hiyo pima kabla hujanunua.

Chake_Mjenzi:
Ngazi sasa, na hapa naomba mnisikilize mana mtu anaweza kuvunjika. Kwenye kidato hakuna foamu. Chumbani sakafu inaelea, yaani imelazwa tu bila kugundishwa chini, kwenye ngazi ikielea mguu unaondoka nayo. Ubao unagundishwa wote chini, kwenye zege kavu lililosuguliwa, na mbele kwenye ukingo wa kidato unaweka pua ya alumini yenye mistari, uifunge kwa skrubu na plagi, kwa gundi peke yake haitoshi. Jengine watu hawalifikirii: kila kidato kikipanda milimita 8, vya katikati vinabaki sawa, ila cha kwanza chini kinakuwa kirefu zaidi kama sakafu ya chini hukuigusa, na mguu wa mtu umezoea kipimo kimoja, unajikwaa usiku. Juu sakafu yako inapanda na foamu, yaani milimita 10, hapo tofauti ni 2 tu. Mie kwa kweli ngazi ningeiwacha kama ilivyo, au niweke mbao ya mninga yenyewe. Lamineti ngazini inaliwa kingo haraka.

Mkaazi_Mbweni:
Ahsanteni sana, miimo ntakata na ngazi naiwacha kama ilivyo. Swali moja limebaki: mlango una miimo miwili, ubao wa mwisho ntauingizaje chini ya yote miwili na klik, ile kufuli ya ukingoni inayoshikanisha mbao, inataka ubao uinuliwe ndo iingie?

Seremala_Fuoni:
Swali zuri, hapo ndo wengi wanapoharibu. Ule ukingo mdogo wa klik uliosimama juu ya ulimi wa chini uparue kwa patasi, tia gundi ya mbao, halafu ubao ulaze bapa uusukume chini ya miimo kisha uuvute kuelekea mwenzake kwa chuma cha kuvutia, ubane kwa kabari mpaka gundi ikauke. Kabari usisahau kuzitoa. Na katikati ya mlango, pale jani linapofunga, weka ukanda wa alumini wa kuunganishia ili kila chumba kitanuke peke yake.