Ruzuku ya mbolea: nani huamua, nani hutekeleza?

Mkulima wa Uyole:
Habari zenu, ndugu zangu. Tangu msimu wa 2022/23 tunanunua mbolea ya ruzuku, lakini sielewi uamuzi kama huu hupitia wapi kabla ya kumfikia mtendaji wa kijiji anayetuandikisha. Naomba ufafanuzi.

Mwalimu, Iringa:
Ndugu, sera huandaliwa na wizara husika, ikajadiliwa na makatibu wakuu, kisha ikaidhinishwa na Baraza la Mawaziri. Bunge hutunga sheria na kuidhinisha bajeti, ambayo huanza kutumika tarehe 1 Julai. Sera isiyotengewa fungu hubaki kabatini, na hapo ndipo wananchi wengi tunapochelewa kuhoji.

Mstaafu wa halmashauri, Tukuyu:
Naongeza kwamba utekelezaji nao una maamuzi yake: ukubwa wa shamba ukiandikwa vibaya daftarini, mkulima hupata mifuko pungufu hata kama waraka uliotoka Dodoma hauna kasoro. Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, ndipo pa kudai daftari lisomwe hadharani, tena kabla mvua hazijaanza.

Mkulima wa Uyole:
Asanteni sana. Nitamwomba mwenyekiti aiweke ajenda hiyo katika mkutano ujao.