Radiamu-224: kilele cha keV 84 kimepotea, na E3 yenyewe iko wapi?

gama_mbichi:
Wakuu, naomba msaada. Naigiza kwa kompyuta lile jaribio la ISOLDE (kituo cha miale ya viini visivyo imara), CERN, la viini vyenye umbo la peasi (matokeo yalitoka 2013). Radiamu-224, MeV 2.8 kwa kila nukleoni, shabaha ya bati-120 yenye unene wa mg 2 kwa sentimita ya mraba. Gama ya 4⁺ kwenda 2⁺ (alama hizi ni ngazi za nishati za kiini; 0⁺ ndiyo ya chini kabisa), keV 166, inasimama vizuri. Ile ya 2⁺ kwenda 0⁺, keV 84, siioni kabisa. Pili: umbo la peasi tunalisoma kwenye E3 (mpito wa umeme wa oktupoli), lakini gama zote zinazotoka 1⁻ na 3⁻ ni E1 (mpito wa dipoli). Hiyo E3 tunaipimia wapi?

kizio_femto:
Mkuu, hiyo keV 84 usiisumbukie. Karibu yote huondoka na elektroni za atomu: katika mishuko 22 hivi, mmoja tu ndio hutoa gama. Na hiyo moja inaangukia juu ya eksirei za radiamu yenyewe, keV 85.4 na 88.5. Ukilazimisha kuihesabu utakuwa unahesabu eksirei. Muda wa kuishi wa 2⁺ umeshapimwa kwa njia nyingine, basi uingize GOSIA (programu ya kuchambua majaribio haya) kama data ya ziada, kisha linganisha mavuno yako yote (idadi za gama) na keV 166.

Swali la pili ndilo lenye utamu. E3 iko kwenye kupanda, E1 iko kwenye kushuka. Bati linapopita karibu, uga wake wa umeme hukirusha kiini kutoka 0⁺ hadi 3⁻ kwa E3. E1 haina mchango wa maana hapo. Kikishafika juu, kinashuka kwa E1: keV 206 kutoka 3⁻ kwenda 2⁺, keV 216 kutoka 1⁻ kwenda 0⁺. Kwa hiyo idadi ya gama hizo inakuambia kiini kilipandishwa mara ngapi, na hapo ndipo E3 inapopatikana.

Ila angalia 1⁻. Ina njia mbili: 0⁺–2⁺–1⁻ na 0⁺–3⁻–1⁻. Zinaingiliana, na shabaha moja haitoshi kuzitenganisha. Rudia na nikeli-60, na ugawe data kwa pembe za mtawanyiko. Nikeli ina chaji ndogo, hatua nyingi zinapungua, bati linaziongeza. Tofauti hiyo ndiyo inayobana elementi za matriksi, yaani namba zinazopima nguvu ya kila mpito. Bila hiyo GOSIA itakupa jibu zuri la uongo.

bati_hamsini:
Naongezea Doppler, yaani nishati ya gama kubadilika kwa sababu kiini kinachoitoa kinakimbia. Kwa MeV 2.8 kiini kinakimbia karibu 8% ya kasi ya mwanga. KeV 166 ileile inasomeka karibu 180 mbele na 154 nyuma. Sahihisha tukio kwa tukio ukitumia pembe kutoka kigunduzi cha silikoni na vipande vya germaniamu. Kilele kikizidi kunenepa baada ya kusahihisha, kagua kwanza kama umezungusha namba za vipande vya silikoni; kosa hilo ni la kawaida mno. Mistari ya eksirei ya risasi (metali) ya kinga, kwa mfano keV 75, haisogei, hivyo baada ya kusahihisha lazima itapakae. Isipotapakaa, usahihishaji wako haufanyi kazi.

gama_mbichi:
Asanteni sana. Je, nikipandisha nishati ili nipate mavuno zaidi?

kizio_femto:
Kuna mpaka. Jumlisha mizizi ya tatu ya namba za masi, zidisha kwa 1.25, ongeza 5: kwa radiamu na bati unapata femtomita 18.8. Viini visikaribiane zaidi ya hapo, la sivyo nguvu ya nyuklia inaingia na hesabu ya umeme mtupu inaharibika. Kwa MeV 2.8 wakigongana uso kwa uso wanafika kama 29, salama kabisa. Kwa 4.3 wanafika 18.9, yaani umesimama ukingoni. Ukienda juu ya hapo, tupa matukio yenye mtawanyiko mkubwa na ubaki na pembe ndogo.