Wenyeji wa Dodoma naomba darasa la viungo, kipi kina kazi gani?

Mgeni_Nzuguni
Habarini wadau. Nimehamia Dom kikazi nimepanga huku Nzuguni, nimeamua kupika mwenyewe maana kula kwa mama ntilie kila siku hela inaisha. Shida iko kwenye viungo. Nikienda soko la Majengo nakuta meza ina mbegu za kahawia, unga wa njano, magome, mawe meupe, unga wa kijani wa majani, muuzaji ananiuliza nikupe kipi kaka nashindwa nianzie wapi. Naomba mnieleweshe vile vya kuanzia tu, kipi kinawekwa kwenye nini na kinaingia sufuriani wakati gani. Na ule unga wa kijani ni wa nini? Asanteni.

MamaPili
Karibu Dodoma mwanangu. Kwanza kabisa usinunue vilivyosagwa, nunua vizima vya mia tano mia tano. Vilivyosagwa harufu inaisha upesi na huwezi kujua vimechanganywa na nini, ila mbegu nzima ukiikaanga kavu kidogo mpaka inukie ukaitwanga kwenye kinu jirani atagonga mlango.

Zile mbegu nyembamba za kahawia ni bizari ya pilau, ndio yenye ile harufu ya pilau yenyewe. Unga wa njano ni manjano, au bizari ya manjano, kazi yake kubwa ni rangi, robo kijiko cha chai inakutosha kwa mtu mmoja, ukizidisha mchuzi unakuwa mchungu. Muuzaji mtajie jina kamili maana ukisema bizari tu unaweza kupewa yoyote kati ya hizo. Magome ni mdalasini. Ongeza iliki, karafuu na pilipili manga pilau imekamilika, lakini karafuu iogope, mbili tatu basi, ni kali inameza wenzake.

Sasa wakati wa kuingia, hapo ndipo chakula kinapoharibika. Kitunguu maji kinatangulia kwenye mafuta, cha pilau mpaka kiwe kahawia kabisa, cha mchuzi wa kawaida kilainike tu kianze kugeuka rangi. Ndio unatia kitunguu saumu na tangawizi zilizotwangwa, ukitangulia navyo vinaungua kabla kitunguu maji hakijaiva na saumu ikiungua uchungu wake hautoki hata ufanyeje. Koroga, tia viungo vikavu, dakika moja tu kwenye mafuta ya moto harufu inafunguka, hapohapo nyanya, maji yake ndio yanazuia viungo visishike chini. Majani ya kotmiri unayatia ukiwa unaipua.

Mwana_Chamwino
Huo unga wa kijani ni mlenda mkavu mkuu! Hapo umegusa chakula chetu wenyewe. Huku mvua ni ya msimu mmoja, inaanza kama Desemba inaisha Aprili, majani ya mlenda yanaota porini na mashambani, kina mama wanachuma wanaanika wanatwanga, kiangazi chote mboga ipo ndani. Usiidharau kwa kuiangalia.

Kupika ni hivi, chemsha maji kama vikombe viwili na nyanya iliyokatwa na chumvi, tia magadi (ndio hayo mawe meupe) kipande kama punje ya harage, sio zaidi. Magadi yanafanya mlenda uvutike na kijani chake kisififie, yakizidi utasikia ladha ya sabuni. Maji yakichemka nyunyiza unga kidogo kidogo kama vijiko viwili huku unapekecha kwa upekecho, ukimwaga wote kwa mpigo unapata mabonge. Ukianza kuvutika tia karanga zilizotwangwa, punguza moto na usifunike maana unafurika haraka sana utazima mpaka mkaa. Kula na ugali wa mtama au uwele, ule wa sembe unashuka ila sio wenyewe. Magadi hayohayo yanasaidia maharage yaive upesi, utaokoa mkaa.

Jiko_la_Ipagala
Kwenye maharage sikubaliani na wewe ndugu yangu. Magadi yanalainisha kweli lakini yanaharibu vitamini B1, na kwa mtu anayekula maharage siku nne kwa wiki hiyo ni hasara. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya yataiva vizuri tu. Kingine, usitie nyanya wala ukwaju kabla maharage hayajalainika, ule ukali unayafanya yakae magumu hata uchochee vipi. Ukwaju huku upo wa kutosha, utie mwishoni kwenye mchuzi wa maharage au samaki, pale ambapo ungetafuta ndimu.

Nafaka_Kibaigwa
Mi niongezee karanga na mafuta maana vinapita mikononi kwetu huku. Karanga nunua nzima, zimwage kwenye sinia uzichambue mwenyewe, yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyogeuka rangi au chungu unatupa. Sio kuringa huko, ni kukwepa sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumu hiyo kwenye nafaka, na kukaanga au kuchemsha haiimalizi. Kwahiyo karanga ya kusaga ambayo hujaiona ilivyokuwa nzima wewe iache.

Alizeti ya kukamua ni nzuri na ina ladha yake, ila yale madumu ya barabarani yanayoshinda juani achana nayo, jua linayachachua. Nunua mashineni, yaache yatulie mashapo yashuke, mimina ya juu. Na usisubiri yatoe moshi ndio utie kitunguu, ya kukamua hayavumilii moto mkali kama ya kiwandani.

Mgeni_Nzuguni
Aisee nashukuru sana, nimeandika yote. Mama, hivyo vizima navitunzaje? Nina kishelfu kimoja tu juu ya jiko.

MamaPili
Hapo juu ya jiko hapana baba, mvuke na joto vinaua harufu na iliki inashika ukungu. Weka kwenye chupa kavu zenye mfuniko, hata za jamu zinafaa, ziweke chumbani mahali pa giza. Unatwanga cha siku hiyo tu.